Kaka anataka vyeo vya mama, mdogo wangu anamtaka mama tu: wasifu wake niuandikeje?

Shikamoo Shangazi,

Mama yetu alifariki mwaka jana hapa Marekani, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Siku za msiba mambo yalikwenda mbio, na wasifu uliosomwa uliandikwa usiku kwa usiku: tarehe tatu nne, majina ya watoto, basi. Sasa tunaandaa kumbukumbu ya mwaka mmoja. Ndugu wa nyumbani wataungana nasi kwa video, na mimi mtoto wa kati nimepewa kazi ya kuandika wasifu unaomstahili. Nimekwama.

Mama alikuwa mfamasia. Nyumbani alishafanya kazi hospitali kwa miaka kadhaa kabla hatujaja huku kumfuata baba. Tulipofika, shahada yake haikumpa kazi, ikabidi aanze mitihani upya. Huku anasoma, alifanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku, kazi ambayo watu wa nyumbani wanaiita kubeba boksi hata kama boksi lenyewe halipo. Alikuwa na daftari la mistari. Upande wa kushoto aliandika majina ya dawa alivyoyazoea, kulia yanavyoitwa huku: salbutamol, albuterol, paracetamol, acetaminophen, adrenaline, epinephrine. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikimshikia daftari na kumhoji. Akikosea nafurahi. Akimaliza yeye, ananigeukia mimi na jedwali la kuzidisha. Akiwa kazini alipiga simu saa yake ya mapumziko, tukamsomea ukurasa mmoja mmoja wa kitabu cha shule, huku nyuma yake inasikika kengele ya mzee anayeita.

Hatimaye alipata leseni, akafanya kazi kwenye famasi ya hospitali mpaka ugonjwa ulipomsimamisha.

Sasa ugomvi ni huu. Kaka yetu mkubwa anataka wasifu uanze na shahada, leseni na nafasi alizoshika, kwa sababu anasema watu wamezoea kumwita "mama fulani" kana kwamba hakusoma. Mdogo wetu wa mwisho anasema hizo ni habari za kuombea kazi. Yeye anamtaka mama aliyemsubiri kila siku akitoka shule. Baba anataka miaka ya kutunza wazee irukwe kabisa, anasema ni kumdhalilisha marehemu. Na mama mkubwa, dada yake mama, alinipigia akasema: "Andika na hili, kwamba hakuja kumzika mama yetu." Bibi alifariki wakati sisi bado tunasubiri green card, kibali cha kuishi huku moja kwa moja. Mama hakwenda.

Na mimi nina langu ambalo sijamwambia mtu. Miaka ile ya zamu za usiku mama hakuwepo, na akiwepo amelala. Nilipovunja ungo nilimwambia mwalimu, sikumwambia yeye. Nikiandika "mzazi aliyejitoa kwa watoto wake" naona nadanganya. Nisipoandika, naona namkosea.

Nianze na lipi, Shangazi? Miaka ile niiandike au niiruke? Na mama mkubwa nimjibu nini?

Wa Kati, Marekani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Msiba wa mzazi ukiwa ugenini una uzito wake, kwa sababu nusu ya watu waliomjua hawako chumbani nanyi.

Nianze na kaka na mdogo wako, maana ugomvi wao una historia. Machi 2013 alifariki Princeton, New Jersey, mhandisi wa roketi aitwaye Yvonne Brill, akiwa na miaka 88. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, akahamia Marekani kufanya kazi katika fani ambayo wakati ule karibu haikuwa na mwanamke. Alibuni mfumo wa kusukuma setilaiti ili ibaki kwenye njia yake angani, ukaja kutumika kwenye setilaiti za mawasiliano, na mwaka 2011 Rais Obama alimvisha nishani ya taifa ya teknolojia. Katikati ya hayo alilea watoto watatu, na kwa ajili yao alikaa pembeni ya kazi kwa miaka minane. Gazeti la New York Times lilipoandika taazia yake, lilifungua na mapishi yake ya nyama, jinsi alivyomfuata mumewe kila kazi ilipompeleka, na sifa ya mwanawe kwamba hakuna mama kama yule. Aya ya pili ndiyo ikasema kwamba, lakini, alikuwa pia mwanasayansi hodari wa roketi. Wasomaji walikasirika sana, na gazeti likaubadilisha ule mwanzo kwenye toleo la mtandaoni.

Wengi walichukua funzo moja pale: kazi itangulie, watoto wafuate. Kaka yako angewaunga mkono. Mimi naona kosa liko kwingine. Watoto wa Brill walikuwa na haki ya kutajwa, na mwanawe alikuwa na haki ya kumsifu. Kilichoudhi ni lile "lakini", kana kwamba mama aliyelea watoto watatu na mtu aliyebuni injini ya setilaiti ni watu wawili, na wa pili anashangaza. Ukianza na shahada na kuwaleta watoto baadaye kwa "lakini pia alikuwa mama", umerudia kosa lile lile ukiwa umeligeuza tu.

Sasa soma tena barua yako. Tayari umeshaandika mwanzo wa wasifu. Mwanamke ana daftari, majina ya dawa kushoto na kulia, mtoto wa miaka tisa anamhoji, halafu zamu inageuka mtoto anahojiwa hesabu. Humo ndani yumo mfamasia, yumo mgeni anayejifunza upya anachokijua, na yumo mama, na hakuna aliyepangwa nyuma ya mwenzake. Anzia hapo. Kaka yako apewe aya yake kamili baada ya hiyo: chuo, mwaka wa kuhitimu, mwaka wa leseni, hospitali, nafasi alizoshika, kila tarehe ikiwa sahihi. Ana hoja ya kweli. Mwanamke aliyesoma famasi aitwe mfamasia, mbele ya watu, kwa sauti.

Lakini nadhani kuna jambo hamjaliona. Ninyi watatu mmelelewa na mama yule yule katika nyakati tatu tofauti. Kaka yako alikuwa mkubwa vya kutosha kumkumbuka akiwa na koti jeupe nyumbani, akiheshimiwa, na aliona heshima hiyo ikipotea mlipohamia. Ndiyo maana anaidai irudi. Wewe ulimpata wa usiku na daftari. Mdogo wenu, kama nimeielewa barua yako, amekua leseni imeshapatikana na saa za kazi zimekuwa za mchana, akawa na mama wa kumsubiri akitoka shule. Kila mmoja anagombania mama aliyemwona, na hakuna anayesema uongo. Kwa hiyo mwombe kila mmoja akuandikie kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Wasikupe sifa. Wakupe kitu: alivyokuwa anakaa, alichosema, alichofanya mikono yake. Viweke kwa mfuatano wa miaka, na ugomvi mwingi utaisha hapo mezani.

Baba yako sasa. Mheshimu, lakini kwa hili usimfuate. Naelewa hofu yake: neno boksi lina dharau, na yeye ndiye aliyemleta mama huku, kwa hiyo dharau ile inamgusa na yeye. Ila jaribu kuusoma wasifu bila miaka ile. Alihitimu famasi, akafanya kazi hospitali, akahamia Marekani, halafu ghafla ana leseni. Katikati pana shimo, na shimo la namna hiyo watu hulijaza kwa maneno yao.

Watakaokusikiliza nyumbani pengine hawajui njia ile ya kupata leseni ilivyo, kwa hiyo waeleze kwa sentensi mbili. Aliyesoma famasi nje ya Marekani huanza kwa vyeti vyake kuhakikiwa, kisha mtihani wa FPGEE wa kupima kama elimu yake inalingana na ya huku, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Kisha mafunzo kazini chini ya mfamasia mwenye leseni. Majimbo mengi yanadai saa 1,500 hivi, ambazo kwa wiki ya saa 40 ni zaidi ya wiki 37. Kisha NAPLEX, mtihani wa leseni wenyewe, na katika majimbo mengi mtihani wa sheria za dawa juu yake. Mama yako alipita humo akiwa na watoto watatu na kazi ya usiku. Ukitaja hatua zenyewe, huna haja ya kusema alikuwa mvumilivu.

Na kazi ile ya usiku usiitaje kwa jina la jumla. Kumtunza mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, usiku kucha, ili ngozi isioze kwa kulaliwa upande mmoja. Ni kumbadilisha nguo bila kumwaibisha, na kumjibu kwa upole anayeuliza swali lile lile mara ya kumi. Tafuta mtu aliyefanya naye zamu, hata mmoja, umuulize mama alikuwaje kazini. Baba akisikia habari hiyo kutoka kinywani mwa aliyeiona, nadhani moyo wake utabadilika kuliko ukimbishia wewe. Mwambie pia habari za Katalin Karikó, aliyetoka Hungaria mwaka 1985 na mumewe na binti yao mdogo, fedha zao zikiwa zimefichwa ndani ya dubu wa kuchezea wa mtoto. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo mwaka 1995. Mwaka 2023 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti ulioleta chanjo za mRNA dhidi ya Uviko-19, na binti yule wa dubu alikuwa ameshachukua dhahabu mbili za Olimpiki katika mbio za makasia, 2008 na 2012. Kila anayesimulia maisha ya mama huyo hutaja dubu na hutaja kushushwa cheo. Hakuna aliyewahi kuona kwamba vinampunguzia heshima.

Mama mkubwa ndiye mgumu zaidi, na hapa nakuomba uende taratibu.

Kwanza ujue ukweli wenyewe. Kwa sheria ya Marekani, mtu anayesubiri green card akiwa humu nchini, akisafiri nje bila kibali maalumu cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake huhesabika ameliacha. Muulize baba kama mambo yalikuwa hivyo: ombi lilikuwa limefika wapi bibi alipofariki, kibali kiliombwa au hakikuombwa, nani aliamua. Huenda mama alikuwa akichagua kati ya kaburi la mama yake na makaratasi ya watoto wake. Au kulikuwa na sababu nyingine, pengine fedha. Usimtungie. Kama baba hakumbuki, faili la uhamiaji la marehemu, linaloitwa A-File, linaweza kuombwa na familia kwa idara ya uhamiaji, USCIS, chini ya sheria ya uhuru wa habari, FOIA, mkiambatisha uthibitisho wa kifo. Huchukua muda, kwa hiyo anza mapema.

Lakini hata ukiupata ukweli huo, usiusome kwenye wasifu kama utetezi. Mama mkubwa hakuomba maelezo ya viza. Alimzika mama yao peke yake, amekaa na jambo hilo miaka yote hii, na anachotaka ni litambuliwe. Mpigie kabla hujaandika. Muulize siku ile ilikuwaje, nani alikuja, yeye alifanya nini. Usimjibu chochote mpaka amalize. Kisha mwombe sentensi moja iingie kwenye wasifu, kwa mfano: "Bibi yetu alipofariki, mama hakuweza kusafiri, dada yake ndiye aliyesimamia mazishi yale kwa niaba yao wote wawili." Ni kweli, haina lawama, na inampa mama mkubwa nafasi yake mbele ya watu.

Hayuko peke yake mama yako. Mwanafizikia Chien-Shiung Wu alitoka Uchina kwenda Marekani mwaka 1936 kusoma, vita ikafuata na siasa ikafuata, na wazazi wake hakuwaona tena. Aliporudi kutembelea mwaka 1973 walikuwa wameshafariki wote wawili. Alipofariki yeye mwaka 1997, majivu yake yalipelekwa kuzikwa kwenye uwanja wa shule aliyoianzisha baba yake. Wasimulizi wa maisha yake huliweka hilo pamoja na majaribio yake ya maabara, kwa sababu bila hilo habari yake haijakamilika.

Na ukiwa kwenye simu na mama mkubwa, muulize pia habari za utotoni. Pengine ndiye wa mwisho aliye hai anayemjua mama yako kabla hajawa mfamasia wala mama wa mtu. Alikuwa mtoto wa namna gani? Kwa nini dawa, na si ualimu? Mara nyingi watoto waliolelewa ugenini hawana habari hata moja ya mzazi wao akiwa na miaka kumi, na wanaoijua wanazeeka.

Sasa lako, mwanangu, ambalo hujamwambia mtu.

Huwezi kudanganya ukiandika alichofanya. "Aliyejitoa" ni hukumu, na wewe bado hujamaliza kuitoa. Usijilazimishe kwa ajili ya hafla. Andika kwamba alipiga simu kila zamu saa ya mapumziko na kusikiliza watoto wakisoma huku kengele zikilia nyuma yake. Ni kweli. Andika pia kwamba usiku hakuwepo na mchana alilala, na ninyi mlijifunza kutembea kwa vidole. Hilo nalo ni kweli, na ni sehemu ya gharama ambayo familia nzima ililipa, wewe ukiwamo. Msikilizaji mwenye akili ataviweka pamoja mwenyewe, na atamheshimu mama yako kuliko ambavyo angemheshimu kwa sifa tupu.

Habari ya mwalimu haiendi kwenye wasifu. Hiyo ni yako. Lakini usiendelee kuibeba peke yako. Mwambie mdogo wako. Yeye ana kumbukumbu za mama wa mchana ambazo wewe huna, na wewe una za usiku ambazo yeye hazijui. Kumpenda mama na kumkosa mama havigombani, na mtoto aliyebaki na vyote viwili hana deni kwa marehemu. Mimi nasoma barua nyingi za watoto waliolelewa ugenini, na wengi wana uchungu huu huu, wakidhani ni utovu wa shukrani. Nakuambia wazi kwamba sivyo.

Kuhusu kazi yenyewe ya kuandika: tarehe ya leseni usikisie. Bodi za famasi za majimbo zina sehemu ya kutafuta leseni mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu, ukiandika jina mara nyingi utaona ilitolewa lini. Watafute wenzake wa famasi ya hospitali, kwa sababu kazi ya mfamasia haionekani kirahisi: anapozuia dawa mbili zisizopatana zisiende kwa mgonjwa mmoja, mgonjwa hajui, na familia yake haijui. Wenzake wanajua. Mkiwa na nafasi, mrekodini baba akisimulia safari yenu tangu mwanzo. Kuna mradi wa StoryCorps, ulioanza 2003, ambao una programu ya simu ya kurekodia mazungumzo ya familia, na mkitaka, yanahifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Hata simu ya kawaida mezani inatosha. Muhimu arekodiwe akiwa bado ana kumbukumbu na nguvu za kusema.

Maneno ya kuepuka unayajua: pengo lisilozibika, nguzo ya familia, mpambanaji. Yanafaa kila marehemu, kwa hiyo hayamsemi mama yako. Ningeanza hivi, nawe ubadilishe upendavyo:

"Mama alikuwa na daftari. Kushoto aliandika jina la dawa alilolijua tangu chuoni, kulia jina ambalo dawa hiyo hiyo inaitwa Marekani. Jioni, kabla hajaenda kazini kutunza wazee, alimpa mwanawe daftari amhoji. Alikuwa mfamasia tangu kabla hatujafika nchi hii, na alikuwa anasoma ili nchi hii nayo ikubali."

Usizidishe dakika saba za kusoma. Anayesikiliza kwa video upande wa pili huchoka haraka, na mtandao ukikatika katikati, sentensi fupi hurudiwa kirahisi.

Ukimaliza, mpe baba nakala ya karatasi siku kadhaa kabla, na usikae mbele yake akisoma. Mwachie alale nayo. Akirudi na kalamu ameikata ile aya ya zamu za usiku, usigombane naye na usiirudishe kwa siri. Muulize yeye angeisemaje. Alikuwa mle ndani ya nyumba, ndiye aliyewalaza ninyi usiku mama akiwa kazini. Atakachokijibu, kiandike kama alivyokisema, na hiyo ndiyo iwe aya yenyewe.

Shangazi